Ndoo Ishirini za Kupimia Mashua

Siku ile, ukiacha vijana wa kazi, tulikuwa watano uani: mimi; mdogo wangu anayenifuata, ambaye ni mwanamke wa ofisi za serikali za Mtumba, aliyeomba ruhusa ya siku moja na bado akaja na viatu vya kazini; mdogo wetu wa mwisho, ambaye ni baharia; mzee mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye ua ulikuwa wake na mashua ilikuwa yake; na mama jirani, ambaye hakualikwa na mtu, ila alikuwa ameyafuata maji yake. Nawataja wote kwa sababu baadaye kila mmoja alikisimulia kisa hiki kwa namna yake, na katika kila simulizi mwenye wazo la maji alikuwa mtu mwingine. Mwenye wazo la maji nilikuwa mimi.

Mashua ya matanga kukaa Chang'ombe yetu ya huku bara, mbali na bahari, si jambo la kawaida, kwa hiyo nieleze imefikaje. Ilikuwa ya kaka yake yule mzee. Familia yao ina asili ya Kihindi na imefanya biashara mjini kwetu tangu enzi za babu yao, lakini kaka mtu alihamia Dar es Salaam, akaipenda bahari kuliko duka. Alipofariki, mashua ilibaki bandarini inalipiwa maegesho kila mwezi. Mzee akaona heri ailete kwenye ua wake mkubwa nyuma ya ghala, ambako haitalipiwa chochote. Ikabebwa juu ya lori la mitambo, watoto wa mtaa wakaikimbilia kama msafara wa harusi. Ikasimamishwa kati ya rundo la nondo na matangi ya plastiki ya kuuza. Ilikaa hapo miaka mitano. Kuku walitagia chini yake.

Mdogo wetu wa mwisho aliiona alipokuja likizo. Nakumbuka alivyorudi nyumbani siku ile. Alikaa kwenye kiti, akala ugali wote, kisha akasema, "Dada, ile pale ni ya kwenda Komoro."

Nilidhani anazungumzia basi.

Huyu mtoto nimemlea mimi. Baba alipofariki nilikuwa darasa la saba, na mama alimfuata kabla mwaka haujaisha, kwa hiyo mtihani sikuufanya. Nilijifunza kushona maturubai ya malori kwa fundi mmoja karibu na stendi, na cherehani ile ile ndiyo iliyowasomesha wadogo zangu wawili. Mdogo wetu alikuwa na miaka mitatu. Nilikuwa namwogesha ndani ya pipa lililokatwa nusu, na hakuwa kama watoto wengine wanaolia wakiona maji. Alilia akitolewa. Maji yalikuwa yanatoka bombani siku mbili kwa wiki, na siku hizo alikuwa anaamka kabla yangu. Aliweka kifuniko cha sufuria juu ya maji, akaweka kijiti katikati, akapuliza. Mimi nilimwambia, "Unachezea maji ya kupikia." Sasa amekuwa mtu wa miaka ishirini na tisa, amezunguka visiwa vyote kwa mashua za watu wengine, akibeba watalii wa watu wengine, na anataka mashua yake.

Fedha hakuwa nazo. Tulichokuwa nacho sisi watatu ni shamba la Gulwe, ekari sita kati ya reli na mto, alizotuachia baba. Binamu yetu analilima, na kila mavuno anatupakilia magunia ya mtama. Jirani wa shamba alikuwa tayari kulinunua kwa milioni kumi na nane. Mzee alitaka milioni kumi na mbili kwa mashua. Hati ya shamba imeandikwa jina langu, kwa kuwa wakati wa kuiandika wengine walikuwa watoto. Mdogo wangu wa Mtumba alishasema fungu lake anampa mdogo wetu. Fungu langu nami nilikuwa tayari kumpa. Lakini nilimwekea sharti moja: "Milioni sita zinazobaki zikitosha kuitengeneza mpaka iingie baharini na kurudi, nasaini. Zisipotosha, shamba linabaki." Akakubali. Karatasi ya mauziano nilikuja nayo uani siku ile, ndani ya mkoba, pamoja na mkasi wangu na sindano.

Asubuhi mdogo wetu alitoa daftari lake. Alikuwa amefanya kazi kwenye mashua ile kwa siku nne, akiingia na kutoka kwenye kijumba chake cha ndani kama panya buku, na ameandika kila kitu. Nyaya za kushikilia mlingoti, milioni moja na nusu. Injini ndogo ya dizeli, kuifungua na kuifunga upya, milioni moja. Betri na taa, laki nane. Rangi ya chini ya kuzuia viumbe wa baharini, laki sita. Kamba, laki tano. Redio na boya la kujiokoa linalojaa upepo, alilosema atalipata la mkono wa pili, milioni moja na laki mbili. Jumla milioni tano na laki sita.

"Na matanga?" nikauliza. "Mashua ya matanga bila matanga?"

"Yapo hapo. Mstari wa mwisho."

Nikatazama mstari wa mwisho. Alikuwa ameandika *Matanga*, na pale penye bei, badala ya tarakimu, ameandika *Dada*.

Mdogo wangu wa Mtumba akacheka mpaka akashika ubavu wa mashua. "Kwa hiyo Dada ni bure? Hata ofisini kwetu hakuna fundi wa bure hivyo."

"Si bure," akasema mdogo wetu. "Sijui tu bei yake."

Mzee naye alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki kivulini mwa mashua, akisikiliza kwa adabu ya mtu ambaye amezoea wateja wanaopiga hesabu mbele yake. "Mama," akaniambia, "huyu kijana ameikagua mashua yangu kuliko alivyonikagua daktari."

Basi nikaanza kwa ninachokijua. Tulitoa matanga mawili, tukayatandaza juu ya turubai safi sakafuni mwa ghala. Sikuwahi kushika tanga. Lakini kitambaa ni kitambaa, na jua ni lile lile. Mteja akiniletea turubai la zamani anataka kujua litagharimu kiasi gani, silitazami kwa juu. Nalitundika nje saa sita mchana, naingia chini yake, natazama juu. Matundu yanaonekana kama nyota. Nayahesabu. Kisha nazidisha kwa tatu, kwa sababu tundu moja unaloliona lina ndugu wawili usiowaona, ambao watajitokeza ukianza kuvuta kitambaa. Mafundi wenzangu wananicheka kwa kuwataja wale ndugu wawili kwa mteja mapema. Wanasema nafukuza biashara. Lakini wateja wangu hawarudi kugombana.

Tulilitundika tanga kubwa kwenye mlango wa ghala, tukaingia chini mimi na mdogo wetu. Kitambaa kilikuwa kizima. Kilikuwa na ugumu mzuri, na nilipokikwaruza kwa ukucha hakikupasuka. Lakini uzi ulikuwa umekufa. Niliuvuta kidogo kwa ncha ya sindano ukakatika kama tambi kavu.

"Uzi hufa kabla ya nguo," nikamwambia. "Hili nitafumua mishono yote nishone upya. Nipe wiki tatu na uzi mzuri wa kuagiza."

Tanga la mbele lilikuwa habari nyingine. Lilikuwa limekunjwa kwenye mfuko, na panya walijenga ndani yake, wakazaa, wakalea, wakahama. Tundu moja ningepitisha kichwa. Nikamwambia hilo halishonwi, hilo linunuliwe. Akaandika. Hakubisha. Alipenda, nadhani, kunisikia nikizungumza kuhusu mashua yake kana kwamba ni kitu cha kawaida, gari la jirani au hema la msiba.

Kisha mdogo wangu wa Mtumba, ambaye kazi yake ni kupitia bajeti za watu wengine na kuzirudisha zikiwa na alama nyekundu, akauliza kitu ambacho hata mimi sikukifikiria.

"Hapa na baharini ni kilomita ngapi?"

Mdogo wetu akaanza kupekua daftari.

"Mashua haina magurudumu," dada yake akaendelea. "Ililetwa na lori. Itaondoka na nini? Kwenye daftari lako sioni lori. Sioni winchi ya kuipandisha wala winchi ya kuishusha kule."

Hapo ndipo nilipoelewa kosa lake, na lilinitia huruma badala ya kunichekesha. Amezoea mashua zilizo majini. Kwenye akili yake, kazi ikiisha unafungua kamba unaondoka. Bahari iko pale pale mlangoni. Sisi wengine tunaokaa juu huku tunajua kwamba kila kitu kinakuja kwa nauli.

"Nitauliza bei," akasema.

"Tuulize sasa hivi," dada yake akamwambia. "Kuna watu wa malori ya mitambo kule barabara kuu. Twende." Wakaondoka kwa bodaboda moja, yeye na viatu vyake vya kazini.

Nikabaki mimi na mzee na mashua.

Niliizunguka mara mbili. Ilikuwa imesimama juu ya mkuku wake, ule uzito wa chuma ulio chini unaoizuia isipinduke, na ubavuni imeegemezwa kwa nguzo za chuma. Ubavu wenyewe ni wa faiba. Mdogo wetu alishaugongagonga wote kwa mpini wa bisibisi akisikiliza, akasema uko sawa. Lakini mimi nilikuwa na karatasi mkobani. Shamba la baba lilikuwa linasubiri neno moja tu: je, chombo hiki kinavuja? Na mtu akigongagonga na kusikiliza, mimi siwezi kusikia anachosikia.

"Mzee," nikasema, "mteja akilitilia shaka tangi lako, unafanyaje?"

"Nalijaza maji, mama. Likilala na maji na kuamka na maji, analipia."

Tukatazamana. Kisha tukaitazama mashua.

"Haliwezi kuwa jambo baya," akasema.

"Haliwezi," nikasema.

Naapa kwamba hakuna hata mmoja kati yetu aliyeona ajabu. Tumekulia mahali ambapo chombo kizuri ni kile kinachozuia maji yasitoke. Pipa, ndoo, tangi, mtungi, bwawa la kunyweshea ng'ombe: vyote unavipima kwa kutia maji ndani na kutazama nje. Chombo ambacho kazi yake ni kuzuia maji yasiingie hatukuwa nacho.

Bomba la uani lilikuwa kavu. Haikuwa siku ya maji upande wetu. Nikaenda kwa mama jirani, ambaye tangi lake lina sifa mtaani kwa kutokauka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Una haraka gani?"

"Naomba unikopeshe ndoo ishirini za maji."

"Ishirini! Mna msiba?"

"Hapana mama. Ni za mashua."

Akajishika kiuno. "Mwanangu, mashua ndiyo inayowekwa kwenye maji. Haiwekewi."

Sasa nikifikiri naona kwamba yeye peke yake, ambaye hajawahi kufika mbali kuliko Kibaigwa, aliujua ukweli wote tangu mwanzo. Lakini nilikuwa na haraka. Nikamweleza habari ya tangi na mteja, naye akakubali kwa kuwa nimekaa naye ukuta kwa ukuta zaidi ya miaka ishirini na sijawahi kumrudishia chungu kikiwa na ufa. "Lakini maji hulipwa kwa maji," akaniambia. "Usije na noti zako." Hiyo ndiyo desturi ya mtaa wetu. Ukikopa maji ukalipa fedha, umemwambia mwenzio kwamba yeye ni muuzaji.

Tulizibeba kwa mkokoteni kwa safari nne. Vijana wa ghala walitupokea juu ya ngazi, na mzee mwenyewe alisimama mlangoni mwa kijumba cha mashua, mikono ya shati imekunjwa, akihesabu kwa sauti. Tulifungua ubao wa sakafu na kumwaga yote chini, kwenye ngama, tumbo la chini la mashua linapokutana na mkuku. Ya ishirini ilipoingia, maji yalikuwa yamefika usawa wa magoti. Tukashuka, tukavuta viti, tukakaa kuitazama mashua kwa nje. Mama jirani naye akaja na kigoda chake. "Nitazame maji yangu," akasema.

Ndipo wale wawili walipofika.

Mdogo wetu aliuona mkokoteni kwanza. Kisha akaziona ndoo. Kisha akatuona sisi watatu tumekaa kwa mstari kama watu walio kwenye mkutano wa hadhara.

"Dada. Mmefanya nini?"

"Tunapima kama inavuja."

Alipanda ngazi. Tulimsikia akifungua ubao. Kisha sauti yake ikatoka ndani, ikiwa na mwangwi: "Dada! Maji ya baharini hutoka nje kuja ndani! Hayatoki ndani kwenda nje!"

"Tundu ni tundu, baba!" nikamjibu. "Linajua upande gani?"

Mama jirani akapiga makofi. "Mjibu hilo, baharia!"

Akatokea mlangoni akiwa ameshika kifurushi cha nyaya za umeme kinachochuruzika. Kwa siku mbili nzima alikuwa amefunga karatasi ndogo kwenye kila waya, ameandika kwa kalamu ya wino unakotoka na unakokwenda, kisha akazilaza ngamani zisikanyagwe. Wino wote ulikuwa umegeuka rangi ya bluu moja. Sikuwa nimeziona. Mzee akavua miwani akaanza kuifuta ilhali haikuwa na vumbi.

Nilitaka kusema pole. Nilishafungua mdomo. Lakini mdogo wangu wa Mtumba, ambaye alikuwa amesimama chini karibu na mkuku akijaribu kutocheka, akasema kwa sauti tofauti, "Na hii ni nini?"

Pale ambapo mkuku wa chuma unaungana na mwili wa mashua kuna mstari mwembamba. Kwenye mstari ule lilikuwa limetokea tone. Lilikuwa la rangi ya chai ya mkandaa. Likakua, likadondoka kwenye vumbi, na jingine likaanza nyuma yake. Hatua moja mbele yake kulikuwa na jingine. Tukapita upande wa pili. Huko nako mawili.

Mdogo wetu alishuka ngazi polepole. Akapiga magoti. Akaweka kidole, akakinusa. Akachukua bisibisi, akaichomeka kwenye ule mstari, ikaingia kama inaingia kwenye kiazi kilichoiva.

"Kutu," akasema.

"Ni mbaya?" nikauliza.

Alitueleza akiwa bado amepiga magoti. Mkuku umeshikiliwa na bolti nene zinazopanda mpaka ndani. Juu, ndani ya ngama, zinaonekana zimepakwa rangi, nzuri kabisa, alizikagua. Lakini maji ya rangi ile yanatoka pale katikati, mahali pasipoonekana, kwa sababu bolti zimeliwa humo. Kuzibadilisha ni kuinua mashua nzima kwa winchi, kuudondosha mkuku, kuzichomoa moja moja, kuchonga mpya, kuziba upya. "Na usipozibadilisha," akasema, "mashua inakwenda vizuri tu. Siku moja, mbali, na mawimbi, mkuku unabaki chini, na nyie mnageuka juu chini."

Kuku mmoja alikuja kuonja lile tone, akaliacha.

Mdogo wangu wa Mtumba ndiye aliyepiga jumla, kwenye simu yake, akiwa amekaa juu ya nondo. Alitaja kila kitu kwa sauti ya upole ambayo sikuwahi kuisikia kwake akisoma hesabu. Lori na winchi, milioni tatu na nusu. Hiyo ndiyo bei ya chini waliyoambiwa barabarani. Tanga la mbele, milioni mbili. Uzi wangu wa kuagiza, laki mbili. Kazi ya mkuku, mdogo wetu alikadiria milioni tano, akasita, akasema saba. Na zile milioni tano na laki sita za mwanzo. Ikafika kumi na nane na laki tatu, na bado hatujawahesabu wale ndugu wawili wa kila tundu.

"Kumi na nane," akasema mdogo wetu. "Bei ya shamba lote."

Mzee akasafisha koo. Naomba niseme jambo moja kuhusu yule mzee: kutu ile hakuijua, na ilimwumiza. "Kijana," akasema, "nipe milioni sita tu. Nusu. Kaka yangu angependa iende."

Mdogo wangu wa Mtumba akanigeukia haraka, macho yakiwaka. Nami, lazima nikiri, mkono wangu ulishaingia mkobani. Nilikuwa natafuta kalamu. Nilikuwa nafikiri: tutapungukiwa na milioni sita na kidogo, naweza kuuza cherehani kubwa, naweza kukopa kwenye kikundi, naweza kushona usiku na mchana. Miaka yote hiyo hakuna kitu nilichomnyima kama kilikuwa kwenye uwezo wa mikono yangu, na nilikuwa napiga hesabu ya mikono yangu.

Aliuona mkono. Ananijua.

"Dada," akasema, "subiri kwanza. Mimi ni mteja. Nimekuletea turubai. Nimelipata kwa nusu bei, nimefurahi, nataka unishonee. Wewe umeingia chini yake saa sita mchana umeona hivi ulivyoona. Unaniambiaje?"

"Wewe si mteja."

"Leo ni mteja."

Nikaitazama mashua. Ilikuwa nzuri. Hilo nataka lieleweke, ilikuwa na mwili mzuri kama mtu aliyelala ubavu. Maji ya mama jirani yalikuwa yanaendelea kudondoka chini yake, tone baada ya tone, kwenye vumbi ambalo lilikuwa linayanywa papo hapo.

"Nakuambia hata ukipewa bure usilichukue," nikasema. "Bei si ile unayomlipa aliyekuuzia. Bei ni ile utakayonilipa mimi."

"Basi."

"Basi," nikasema.

Nilitoa karatasi ya mauziano nikampa yeye. Hakuichana, si mtu wa vituko. Aliikunja mara nne, akaiweka ndani ya daftari lake, kwenye ule ukurasa wenye jina langu kwenye safu ya bei. Kisha akavua shati, akapanda ngazi, akaanza kuyateka maji kwa kopo na kunipa ndoo mlangoni, nami nikawapa waliokuwa chini. Tulifanya kazi ile kwa muda mrefu. Katikati yake alianza kucheka peke yake huko ndani.

"Nini?"

"Nawaza nikienda kuwasimulia kule Dar. Mashua tumeijaza kama tangi. Hawataniamini."

"Waambie ndivyo tunavyopima sisi. Nyie mmeipima siku nne na bisibisi hamkuona kitu."

"Hilo nalo kweli," akasema.

Tulipomaliza, mzee aliniomba nilichukue tanga kubwa nyumbani. Alisema ghalani panya watalimaliza, na mimi ndiye ninayejua thamani yake. Nikauliza bei. Akasema nilishone kwanza, bei tutazungumza likiwa zima. Mdogo wetu alinisaidia kulikunja. Alinifundisha linavyokunjwa, mikunjo mipana, bila kukivunja kitambaa, na nilimwacha anifundishe ingawa kukunja ndiyo kazi yangu.

Maji tuliyoyatoa tulitaka kumrudishia mama jirani. Aliinama juu ya ndoo ya kwanza, akaona mafuta ya dizeli yanang'aa juu yake kama upinde wa mvua.

"Mmeogeshea mashua, sasa mnanirudishia mimi nipikie?"

"Mama, ni yale yale yako."

"Yangu yalikuwa meupe. Nadai ndoo ishirini nyeupe."

Mdogo wetu aliahirisha safari yake kungoja bomba litoke maji. Likatoka Alhamisi. Aliamka kabla yangu, kama zamani, akapeleka ndoo tano kabla ya chai, mbili mbili mikononi na ya tano kichwani kwa ajili ya kumchekesha mama jirani. Wiki iliyofuata akarudi Dar, kwenye mashua za watu wengine. Ananipigia simu Jumapili. Ananiuliza habari za tanga kabla ya kuniuliza habari zangu, na simlaumu. Nimefika katikati ya mshono wa nne, nalishona nikimaliza kazi za wateja. Shamba bado ni letu. Mtama wa mwaka huu ulikuja na treni, magunia matatu, mdogo wangu wa Mtumba akaja kuchukua lake akiwa na viatu vile vile.

Mimi nimepeleka ndoo nane nyingine, siku moja mbili, siku nyingine moja. Zimebaki saba. Ningeshazimaliza, ila kila nikifika mlangoni kwake mama jirani anachungulia tangi lake, ananiambia limejaa, nirudi nazo kiangazi kikikolea. Kisha ananiuliza baharia hajambo.